Mito ya Trauti ya Nyeri na Vijana wa Kandokando Yake

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nyeri huvuka mito mingi kuliko awezavyo kuhesabu. Baada ya mji wa Thika barabara hupanda na kushuka, na kila bondeni pana daraja, na chini ya kila daraja maji yapita kuelekea mashariki. Akisha kupita Sagana na soko kubwa la Karatina, mito hubadilika sura. Kule chini maji ni mekundu na mazito kwa udongo wa mashamba. Huku juu ni maangavu na baridi, nayo yaenda mbio juu ya mawe. Mji wa Nyeri wenyewe umekaa kati ya milima miwili: mashariki ni Mlima Kenya, au Kirinyaga, wenye kimo cha zaidi ya futi 17,000, na magharibi ni milima ya Nyandarua, ambayo Wazungu waliiita Aberdare. Kutoka pande zote mbili maji huteremka usiku na mchana, na mengi yake hukutana katika mto Tana, yakaenda mpaka Bahari ya Hindi.

Katika mito hiyo ya juu, kama vile Gura, Chania, Thego, Ragati, Naro Moru na Burguret, yumo samaki ambaye si mwenyeji wa nchi. Jina lake ni trauti. Mwaka 1905 Bwana Ewart Grogan, mlowezi mashuhuri wa siku zile, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka ziwa la Loch Leven katika Scotland, nayo yakaletwa na kutiwa katika mto Gura. Siku zile reli haikuwapo upande huu wa Nyandarua, wala barabara ya magari. Kwa hiyo sehemu ya mwisho ya safari ile haikuwa na njia nyingine ila vichwa na mabega ya wapagazi. Historia imehifadhi jina la mwenye mali. Majina ya wale waliobeba mayai hayo, wakiyaangalia yasipate joto wala kutikisika, hayakuandikwa mahali popote pajulikanapo. Mwaka 1910 akaletwa trauti wa pili, mwenye rangi za upinde wa mvua, kutoka Afrika Kusini. Wote wawili walistawi, kwa sababu maji ya milima hii yana mambo mawili wanayoyataka sana, yaani ubaridi, na hewa nyingi inayoingia majini yanapojipiga juu ya mawe.

Wenyeji walimtazama mgeni huyo kwa mshangao. Mkikuyu wa zamani hakula samaki. Chakula chake kilitoka shambani na zizini, na viumbe vya majini alivihesabu karibu na nyoka. Hata neno thamaki, litumikalo leo katika Kikikuyu, lafanana mno na samaki la Kiswahili, kama kwamba jina na kitu vilipanda pamoja kutoka pwani. Basi trauti akawa mchezo wa Wazungu. Kanuni zilimlinda kwa leseni, na aghalabu mvuvi alitakiwa kutumia nzi wa bandia tu, yaani ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi hata ikafanana na mdudu. Mtoto wa Kiafrika aliyefika mtoni pamoja na wavuvi hao alifika kama mbeba mfuko. Kisha ikaja Hali ya Hatari, tangu 1952 hadi 1960. Misitu ya Nyandarua na ya Mlima Kenya ikatangazwa kuwa mahali palipokatazwa, na mtu aliyeonekana humo aliweza kupigwa risasi bila ya kuulizwa jina. Mzazi wa Nyeri aliyemwambia mwanawe asiende mtoni karibu na msitu hakuwa akimnyima mchezo, alikuwa akimwokoa. Makatazo ya namna hiyo hayasahauliki upesi katika nyumba, hata sababu yake ikiisha.

Jambo la ajabu ni kwamba katika mji huu huu alikaa mtu aliyeufundisha ulimwengu kwamba vijana hujifunza vizuri zaidi nje kuliko darasani. Lord Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, alihamia Nyeri mwaka 1938 na kukaa katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu, katika uwanja wa Hoteli ya Outspan. Alikuwa amependa uvuvi wa trauti maisha yake yote. Alifariki humo tarehe 8 Januari, 1941, na kaburi lake lipo Nyeri mpaka leo. Juu ya jiwe lake imechorwa duara yenye nukta katikati, ambayo kwa maskauti ni alama ya kusema kwamba mwenzao amekwenda nyumbani. Kila mwaka ifikapo tarehe 22 Februari, siku aliyozaliwa, maskauti hufika kaburini kwa mamia. Huko Marekani beji ya uvuvi imekuwamo miongoni mwa beji za maskauti tangu mwaka 1911. Maskauti wafikao Nyeri huimba, huweka maua, hupiga picha, kisha hupanda mabasi na kurudi, na mto Chania wapita hapo chini ya mji bila ya kuangaliwa. Laiti angekuwapo mzee mwenyewe, pengine angewashusha mtoni kabla ya hotuba.

Mtoto wa Nyeri hakuhitaji Mzungu amwambie kwamba mto ni mwalimu. Profesa Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, upande wa Tetu, chini ya Nyandarua. Alipopokea Nishani ya Nobel ya Amani katika mji wa Oslo, Desemba 2004, alieleza mbele ya wakuu wa dunia jinsi alivyokuwa akitumwa na mama yake kuteka maji kijitoni. Huko, kati ya majani ya nduma, alijaribu kuokota mayai ya vyura akidhani ni shanga, lakini kila mara yalikatika mikononi mwake. Baadaye aliona viluwiluwi kwa maelfu, weusi, wakichezacheza katika maji maangavu. Hakuwa na kitabu wala darubini. Na katika hotuba hiyo hiyo alisema kwamba baada ya miaka hamsini na zaidi kijito kile kilikuwa kimekauka, na wanawake wa huko wakawa wanakwenda mbali kutafuta maji ambayo si safi sikuzote. Watoto wa siku hizi, alisema, hawatajua walichokipoteza.

Mahali ambapo mtoto aweza kuona jambo lenye kufanana na yale aliyoyaona Wangari, na kuelezwa maana yake, ni vituo vya samaki. Serikali ilianzisha viwili mwaka 1948: kimoja Sagana, penye joto, kwa ajili ya samaki wa maji ya vuguvugu, na kingine Kiganjo, karibu na Nyeri, kwa ajili ya trauti. Jina la Kiganjo lajulikana zaidi kwa chuo cha polisi, na wengi waliokwenda huko kujifunza kupiga saluti hawakujua kwamba jirani yao alikuwa samaki.

Kazi ya kuangua trauti ni jambo ambalo mwana wa mfugaji hulifahamu mara moja, kwa maana huanza kwa kukamua. Samaki jike aliyeiva hushikwa kwa kitambaa chenye maji, na mtu hupitisha vidole tumboni mwake polepole kuelekea mkiani, kama akamuaye ng'ombe. Mayai hutoka yakamwagika katika bakuli kavu, kila moja kama punje ndogo ya mahindi, yenye rangi ya chungwa. Kisha dume hukamuliwa juu yake, na vyote huchanganywa kwa unyoya au kwa mkono laini, ndipo hutiwa maji. Jike hurudishwa bwawani akiwa hai. Mayai huwekwa katika sinia zenye matundu, mahali pa giza, na maji baridi hupita juu yake bila kukoma. Lililokufa hugeuka jeupe, nalo lazima liondolewe kabla ya kuozesha mengine. Kazi hiyo ya kuchagua yataka jicho kali na moyo usiochoka, na vijana huiweza vizuri kuliko watu wazima. Maji yakiwa na ubaridi wa digrii 10 za sentigredi, trauti wa upinde wa mvua huangua baada ya mwezi mmoja hivi. Maji yakipata joto kidogo, siku hupungua. Yakizidi ubaridi, huongezeka. Hapo mwalimu wa hesabu amekwisha kupata somo la wiki nzima. Kifaranga atokaye hana haja ya chakula kwa siku za kwanza, maana amebeba kiini cha yai tumboni mwake kama mwanafunzi aliyefungiwa chakula na mama yake. Kikiisha ndipo huinuka na kuanza kutafuta.

Mtoto aliyeona hayo kwa macho yake hahitaji kuhubiriwa juu ya usafi wa maji. Amekwisha kuona kwamba matope kidogo yakiingia katika sinia, mayai hukosa hewa na kufa. Akirudi kwao atautazama mteremko wa shamba uliolimwa mpaka ukingoni mwa mto, naye atajua tope lile laenda wapi.

Jambo hili la kumjua samaki kwanza, kabla ya kuambiwa amle, ndilo lililosahauliwa katika mipango mingi. Mara mbili serikali ilijaribu kuwafanya watu wa bara kuwa wafugaji na walaji wa samaki. Katika miaka ya 1960 ilikuwako kampeni ya kuwahimiza watu wale samaki zaidi, na mabwawa mengi yalichimbwa vijijini. Baada ya miaka michache mengi yakageuka kuwa mashimo ya nyasi. Mwaka 2009 mpango mkubwa zaidi ulianza. Mabwawa 200 yalikusudiwa katika kila jimbo la uchaguzi kati ya majimbo 140, kila bwawa likiwa na eneo la meta za mraba 300 na kutiwa vifaranga 1,000 hivi. Nyeri ilipata sehemu yake, na kiwanda kidogo cha kutayarisha samaki kikajengwa upande wa Tetu, katika nchi ambayo babu zao walimkimbia samaki.

Walakini samaki aliyetiwa katika mabwawa mengi alikuwa tilapia, yaani ngege, ambaye ni mtoto wa maji ya moto. Katika baridi ya Nyeri hula kidogo na hukua polepole. Chakula chake kilikuwa ghali, na ndege wala samaki hawakupewa leseni wala hawakuihitaji. Wafugaji wengine walifaulu, na wapo mpaka leo. Wengine walivuna samaki wa kimo cha kiganja, wakaviacha vidimbwi vyao vikauke. Haikuwa kosa lao peke yao. Mtu aliyepewa bwawa, vifaranga na mfuko wa chakula, lakini hakupewa muda wa kumfahamu mnyama huyo, amepewa mzigo. Mahali ambapo bwawa lilikuwa na watu waliopima joto la maji, wakaandika uzito wa samaki kila mwezi na kugombana juu ya sababu za kufa kwao, bwawa hilo lilikuwa na faida hata samaki wakiwa wadogo. Kwa sababu hiyo bwawa la shule lapasa kuhesabiwa kwa mizani tofauti na bwawa la biashara. Vyama vya 4-K, vilivyoanza mashuleni mwaka 1962 na kufufuliwa mwaka 2021 baada ya kulala usingizi mrefu, vyaweza kufanya kazi hiyo bila ya gharama kubwa. Kambare astahimiliye maji mabaya angefaa mahali pengine. Trauti angefaa palipo na kijito cha baridi kisichokatika.

Lakini bwawa si mto, na kufuga si kuvua. Kuvua kwa mshipi kwampa kijana kitu kingine. Avuaye trauti kwa nzi wa bandia hulazimika kwanza kukaa kimya na kutazama. Huinua jiwe aone ni wadudu gani waishio chini yake: yupo buu ajengaye nyumba ya changarawe, na yupo mwenye mikia mitatu, ambaye maji yakichafuka hutoweka kabla ya samaki. Huangalia mahali maji yaendapo kasi na mahali yanapopumzika nyuma ya jabali, maana samaki husimama hapo akingoja chakula kipite. Hutupa uzi wake, hukosa, hutupa tena. Saa nzima hupita bila ya mtu kumwuliza amekuwa wa ngapi darasani.

Kwa vijana wengine saa kama hiyo ni dawa. Katika jimbo la Durham, kaskazini ya Uingereza, mpango wa kuwafundisha uvuvi vijana waliokuwa wakikaribia kuingia katika uhalifu au kuacha shule ulianzishwa na askari polisi, na mipango ya namna yake ikaenea miji mingine. Huko Marekani, tangu mwaka 1996, wanawake waliougua saratani ya matiti hufundishwa kuvua kwa nzi wa bandia ili kupata nguvu za mkono na utulivu wa moyo. Wazungu hawakugundua jambo jipya. Mvuvi yeyote wa Lamu au wa Ziwa Viktoria aweza kusema vivyo hivyo juu ya asubuhi ya kimya majini.

Na vijana wa miji ya Mlima Kenya wana haja ya kitu cha kuwashika. Wazazi wa Nyeri, Karatina na Kerugoya huogopa pombe kali za bei rahisi kuliko wanavyoogopa ndovu atokaye msituni. Mwaka 2015 Rais aliamuru zisakwe katika nchi yote ya kati, zikamwagwa barabarani. Mwezi wa Februari 2024, katika kijiji cha Kangai, kaunti ya Kirinyaga, watu wasiopungua 17 walikufa kwa kunywa pombe yenye sumu. Ufito wa kuvulia hautamaliza msiba huo, na mtu asidanganywe. Ila kijana huanza kunywa, mara nyingi, mahali ambapo jioni ni ndefu na hakuna jambo analolijua vizuri kuliko wenzake. Ajuaye mto ana jambo moja. Tena lina riziki ndani yake: Kenya ina viwanda vya kufunga nzi wa bandia ambao huuzwa kwa wavuvi wa Ulaya na Marekani, na vidole vya vijana, wengi wao wasichana, ndivyo vifanyavyo kazi hiyo. Wapo pia waongozao wageni kwenye mito na kwenye maziwa ya juu, kama Rutundu, ambako trauti walitiwa zamani. Karibu na Nanyuki, kando ya Burguret, upo mkahawa uliojengwa juu ya matawi ya mti mkubwa, na mabwawa ya trauti yapo chini yake; mgeni hula akitazama alikotoka chakula chake.

Mto una hatari zake, na mwalimu asiyezijua asipeleke watoto. Gura husifiwa kwa kasi kuliko mito yote ya Kenya. Mvua ikinyesha mlimani, maji huweza kupanda bondeni huku jua likiwaka, na mtoto aliyesimama juu ya jiwe katikati ya mto hubaki kisiwani. Lazima awepo mtu mzima ajuaye kuogelea, na leseni itafutwe mapema, na katika hifadhi za taifa ruhusa iombwe kwa Shirika la Wanyamapori. Ndani ya msitu wamo nyati.

Hatari nyingine ni ya mto wenyewe. Upande wa Naro Moru na Nanyuki maji huvutwa kwa mifereji na mabomba kumwagilia mashamba ya maua na mboga, na wakati wa kiangazi mito mingine hubaki nyuzi nyembamba kabla ya kufika kwa wafugaji wa chini. Tangu Sheria ya Maji ya mwaka 2002 watumiaji wa kila mto wameunda vyama vya kugawana maji kwa zamu, na mahali pengine vimepunguza ugomvi. Katika mikutano yao huzungumzwa nyanya, ng'ombe na mabomba. Samaki hana mjumbe, isipokuwa wawepo vijana wanaomjua.

Wakati mzuri wa kupeleka shule mtoni ni mwezi wa Agosti, watoto wakiwa likizoni. Mvua za masika zimekwisha, na maji yaliyokuwa kama chai ya maziwa yamekuwa maangavu tena. Ukungu hukaa bondeni mpaka saa nne, na baridi ni kali hata kwa mwenyeji, kwa hiyo sweta mbili si nyingi. Trauti huinuka kula ukungu unapoanza kuondoka. Kabla ya hapo pana nafasi ya kutosha ya kuinua mawe.